Ukoga wa Akoth

Oduor alipofungua mlango wa uani alidhani amekosea nyumba. Madumu kumi na mawili, aliyoyaacha ya kijani, yalikuwa meupe, yanang'aa kama bilauri za harusini.

Wiki mbili tu alikuwa kwao Siaya, Kenya, kumzika mkewe, Akoth. Kwa miaka minne Akoth alikuwa akilea ukoga wa kijani humo madumuni, ukoga ule ule tunaoukunjia pua mitaroni. Aina nyingi alizojaribu zilikufa kwa moshi wa tanuri. Moja, aliyoiteka kwenye mtaro mkuu wa mji, Nakivubo, ilikubali. Bomba lilitoa moshi kwenye tanuri la mikate la Oduor hapo mtaani Nateete, likaupuliza majini, nao ukoga ukala ile hewa ya ukaa, ukanenepa mafuta. Watu walicheka. Mafuta yalipowasha jenereta, walinyamaza. Jumatatu wahandisi wa chuo walikuwa waje kuchukua mbegu ya ukoga huo, na mbegu yote ilikuwa humo madumuni, hapakuwa na nyingine.

"Umefika, mwanangu! Pole." Jirani yake Bibi Kulusum, aliyeachiwa ufunguo, alikuja akichechemea. "Mimi nasugua siku tatu. Mchanga na sabuni. Wageni ya matanga wakikuta uchafu, watasema Akoth alikuwa mwanamke namna gani?"

"Na maji yake, Bibi?"

"Ile ya kunuka? Nimemwaga yote kwa mtaro."

Oduor alikuwa amemwambia atunze nyumba, basi. Ya madumu alisahau kumweleza, kwa kilio alichokuwa nacho. Kosa lilikuwa lake, na lilimkata maini. Sasa Akoth alikuwa ameisha kabisa. Wema hauozi, husema wahenga. Wahenga hawakuwa na madumu. Alitaka kupiga yowe, lakini mikono ya yule ajuza ilikuwa imechubuka hadi nyama, na macho yake yalimngoja.

"Nimefanya vizuri?"

"Vizuri sana, Bibi."

Aliingia ndani akatoka na kichupa, mafuta ya mwisho aliyokamua Akoth, waliyowawekea wahandisi. Akamketisha Bibi kizingitini, akampaka mikono taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kichupa kikaisha.

"Mafuta gani hii? Inanuka samaki."

"Ya Akoth," alisema Oduor, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.