Sinema ya Silima

Konde nzima, kule Pemba, iliwahi kuicheka sinema ile miaka kumi nyuma, ikacheka hadi mbavu zikauma. Ilikuwa filamu fupi ya serikali ya Mwingereza, ya kufundisha watu kupita upande wa kushoto wa barabara, na mshamba wake asiyejua baiskeli alikuwa Silima, mkulima wa hapo hapo Konde. Silima alianguka mtaroni, akaanguka kwenye mihogo ya watu, akaanguka pamoja na kuku wa kuazima. Tangu siku hiyo hakukosa kualikwa harusi hata moja.

Lakini sasa ni mwaka wa sitini, watu wameamka, na aliyeamka kuwapita wote ni Hija, mpwa wake Silima. Hija alikiandikia chama barua ya kurasa nne kwamba sinema ile lazima itazamwe upya, kwa macho ya kisasa, kwani inamdhalilisha mwananchi. Barua yenyewe ilikuwa na lake jambo. Chama kilikuwa na nafasi moja ya kumpeleka kijana Misri kusoma, na Hija aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota.

Chama kikamleta Bwana Abrahman kutoka Unguja, suti nyeupe na miwani, aje aihakiki, na hapo hapo amtazame kijana wa kupelekwa Misri. Hakimuddin muuza nguo akatoa ghala lake, madirisha yakazibwa kwa magunia ya karafuu, na saa kumi alasiri kamati ikakaa. Hija akawaonya: hapa hakuchekwi. Atakayecheka, huyo bado katawaliwa kichwani. Silima naye alikuwapo, kanzu imepigwa pasi, amekaa mbele kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa kamati imekuja kumwonea huruma.

Mashine ikanguruma. Silima wa kwenye kitambaa akapanda baiskeli, mgongo mbele, uso nyuma. Mzee Shaame akajitia kukohoa. Katibu akauma kofia yake. Hija alijikaza kisabuni, akaikumbuka maiti ya bibi yake, lakini kuku walipomkalia Silima kichwani kicheko kilimpanda hadi puani na machozi yakamtoka.

Bwana Abrahman akamgeukia.

"Nalia kwa uchungu," Hija akasema.

"Naona," akajibu Bwana Abrahman, akaandika kitu daftarini.

Ikafika mahali ambapo Konde haikupata kucheka hata siku moja. Silima, kajaa vumbi, anasimama mlangoni kwa mwanamke mmoja na kusema kwa adabu zake zote: "Mamaangu, nipa maji ninywe, jua lino lan'maliza."

Bwana Abrahman akaangua kicheko. "Nipa! Jua lino! Jamani, Wapemba nyinyi!" Akajipiga mapaja, akavua miwani, akafuta macho. "Rudisheni hapo, rudisheni!"

Ghala zima likamtazama, hakuna aliyejua kimechekesha nini. Hija peke yake alijua. Naye alisoma Unguja, ambako watu husema "nipe", na "nipa" aliiacha wiki ya pili tu. Bwana Abrahman sasa alikuwa akimtazama yeye, akimngoja wacheke pamoja, na mkononi bado ana lile daftari.

Hija akacheka. Alicheka kwa sauti, tena sana, kicheko cha mtu wa mjini.

Silima akageuka kitini. Hakuwa na hasira, alikuwa na haya.

"Hapo sikuwa nacheza sinema, mwanangu," akasema. "Nlikuwa na kiu kweli."