Jumapili Hazihesabiwi

Mume wa mpishi alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Redio. Kusema kweli jina alilistahili. Ukimpelekea kiatu, ulirudi na kiatu, na habari za watu saba, na ushauri ambao hukuuomba. Mkewe alipikia shule ya wanafunzi mia nne, akiamka alfajiri, na kabla hajawasha jiko Redio alikuwa tayari hewani.

Basi asubuhi moja, wiki chache kabla ya Kwaresima, maji hakuna, moshi umemjaa mpishi machoni, na mwanamume yuko kitandani anasimulia ndoto. Mpishi akatazama juu. "Ee Mungu, mnyamazishe huyu mtu nami nipumzike!" Akachukua mkoba akaenda kazini. Saa sita mchana akaitwa. Kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, na sauti hakuna.

Hakumwambia mtu alichokuwa ameomba. Wifi yake, aliyehamia pale kumuuguza kaka yake, hakujua. Padri hakujua. Wageni walikuja na pole zao, "Pole mama, ni mapenzi ya Mungu," naye moyoni akijibu: ya Mungu wapi, ni yangu mimi.

Jumatano ya Majivu akafanya mapatano. Naam, mapatano! Majivu yakiwa bado usoni alimwambia Mungu: "Siku arobaini nitakula mara moja tu, jioni. Siku ya arobaini umrudishie sauti, aniambie amenisamehe. Lile ulilisikia kwa nusu siku. Na hili lisikie."

Na alifunga, jamani. Mpishi kufunga si mchezo. Anakoroga sufuria la maharage mpaka bega linauma, anaonja chumvi, anatema. Kila jioni anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Akitoka kazini anapitia kanisani. Akifika nyumbani mume keshalishwa, keshageuzwa, keshalala.

"Wifi," dada wa mume akamwambia siku moja, "kaka anautazama mlango tangu saa kumi."

"Namwombea yeye huko."

"Najua. Ila anautazama mlango."

Jumapili ya Matawi mstari wa arobaini ukatimia. Alitoka misa akaketi kwenye kigoda mbele ya mumewe, akaukodolea mdomo wake mchana kutwa. Jua likazama. Kimya. Mwanamke yule akaenda mbio kwa katekista, mlango hata hakuufunga.

"Zimeisha!" akampigia kelele barazani kwake. "Arobaini, sikuiba hata moja! Mbona ananyamaza? Wote wawili wananyamaza, mume na Mungu!"

Katekista, mtu mpole asiyependa ugomvi, akahesabu kwa vidole. "Mama, umehesabu na Jumapili?"

"Kwani Jumapili si siku?"

"Za mfungo siyo. Jumapili hazihesabiwi. Bado siku sita. Lakini sikiliza mama, Mungu hauzi wala..."

Asikilize nini? Siku sita! Kumbe ndiyo maana! Akarudi nyumbani anacheka peke yake, kicheko ambacho ukikisikia unavuka barabara. Akamtangazia wifi yake, mgonjwa akiwa pale pale, kwamba siku hizo sita ni maji matupu, chakula hata jioni hagusi.

"Utajiua," wifi akasema. Mgonjwa akafumba macho.

Jumatatu akastahimili. Jumanne miguu ikawa si yake. Jumatano, alipofunua sufuria, mvuke ukampiga usoni naye akaenda chini. Bahati yake aliangukia upande wa magunia, si upande wa moto. Mpishi mwenzake akamrudisha nyumbani amemshika kiuno.

Wifi alikuwa akimlisha kaka yake supu. Redio alipomwona mkewe anaingizwa hivyo, akafunga mdomo. Kijiko kikisogezwa, anageuza uso. Kikisogezwa tena, anageuza.

"Haya, mlishe mwenyewe. Mmenichosha nyote wawili!" wifi akasema, akatoka kumsindikiza mgeni.

Mpishi akachukua bakuli. Mume hakufungua mdomo. Ndipo lile alilolificha likamtoka.

"Mimi ndiye niliyeomba unyamaze. Asubuhi ile. Nimekesha namwomba Mungu akupe sauti unisamehe, kwa sababu kukuomba wewe niliogopa." Akalia vibaya, kilio cha makamasi.

Redio akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akakishika kijiko. Akachota. Nusu ya supu ikamwagikia shuka. Iliyobaki akaipeleka kwenye mdomo wa mkewe, akangoja.

Zilikuwa zimebaki siku tatu na hiyo nusu. Akimeza, mapatano yamevunjika, na sauti ile pengine hataisikia tena mpaka kaburini. Mbele yake mume alikuwa akitokwa na jasho kwa uzito wa kijiko kimoja.

Akameza. Supu ilikuwa imepoa na wifi alikuwa amezidisha chumvi.

"Mungu wangu," akasema, "sina tena cha kukupa."

Redio hakusema neno, na hajasema mpaka leo. Alichovya kijiko tena.