Tumbo la Mzee Ratilal

Ilikuwa mara ya nne mwezi huo wa Mei 2008 mzee Ratilal kuja kliniki, pale mjini Nakuru, akilalamika tumbo. Picha ya tumbo haikuonyesha kitu. Dawa za asidi hazikusaidia. Alikuwa amekonda hadi mshipi wake umetobolewa matundu mapya.

"Hataki kula, usiku halali," alisema Ritu, mke wa mwanawe, kabla mzee hajafungua mdomo.

Tabibu Cheptanui alikaribia kuandika dawa nyingine ya tumbo. Nje foleni ilikuwa ndefu. Lakini akavuta karatasi ya maswali kuhusu ugonjwa wa huzuni aliyopewa mafunzoni, akamwomba Ritu atoke kidogo.

"Mzee, wiki hizi mbili, kuna kitu kinachokufurahisha?"

"Hakuna."

"Kuna jambo unalojilaumu?"

Ratilal akatazama mikono yake. "Micah alinifanyia kazi katika duka langu la vitambaa miaka ishirini. Januari, fujo za uchaguzi zilipofika hapa mjini, nilimwambia afunge mapema, aende nyumbani. Walimpata njiani. Angebaki dukani, angekuwa hai."

Kalamu ya Cheptanui ikasimama. Swali la mwisho hakuwahi kumwuliza mgonjwa yeyote. Akaliuliza polepole.

"Umefikiria kujiua?"

Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitambaa, "Jumapili wote nyumbani wanaenda harusini Nairobi. Mimi nimesema tumbo linauma, nitabaki."

"Na ukibaki?"

Mzee akatazama mlango. Akasimama. "Andika dawa, daktari. Na usimwambie Ritu."

"Mengine yote ni siri yetu, mzee. Hili siwezi kulificha."

"Utaniaibisha mbele ya mke wa mwanangu!" Alishika kitasa.

Cheptanui akainuka, asijue amzuie au amwache. "Basi mwambie wewe mwenyewe. Mimi niko hapa."

Mlango ukafunguka. Ratilal alisimama mbele ya Ritu, akasema maneno machache kwa Kigujarati. Mkoba ukamponyoka Ritu. Akamshika mzee mikono yote miwili.

Siku hiyo hiyo mzee alipelekwa hospitali kubwa, akalazwa wiki tatu. Harusini hakwenda mtu wa nyumba yake.

Agosti alirudi kwa Cheptanui. Alilalamika kwamba vidonge vinamkausha mdomo, chai haina ladha. Duka alikuwa akilifungua asubuhi tu.

"Na Micah?"

"Bado namwona kila siku. Lakini jana nilienda kwa mke wake. Tulilia wote wawili."

Kisha akauliza kama anaruhusiwa kula pilipili.