Jeneza Lilipokatisha Mbio

Colman Geraghty alikuwa ametundika suti nyeusi ndani ya gari, shati limepigwa pasi, na dhamiri yake ameiambia ingoje. Mazishi ya jirani yake, Mzee Packie Loftus, yalikuwa saa tano. Mbio za kila mwaka za Kilroddan zilianza saa nne. Mtu mwenye mipango, alijiambia, anaweza kumshinda shemeji yake kwanza, kisha akaenda kuhuzunika kwa utulivu.

Shemeji huyo, Ultan Durkan, kaka wa mkewe, alizaliwa kushinda. Alimshinda Colman shuleni, akamshinda uwanjani, akamshinda hata siku ya harusi ya Colman mwenyewe, kwa kuhutubia mpaka supu ikapoa. Kila Krismasi alikileta mezani kikombe chake cha ushindi, labda bata mzinga naye apate kukiona. Mwaka huu Colman alikuwa ameapa kumkomesha. Tangu Januari hakuonja bia, na hakuna mtu katika jimbo zima la Mayo, Ireland, aliyeachwa bila kuambiwa.

Njia yenyewe wenyeji waliiita relini, ingawa treni ya mwisho ilipita kabla Colman hajazaliwa. Sasa ilikuwa lami laini, mlima upande huu, ghuba upande ule, na kondoo wakiwashangaa watu wazima wanaokimbia bila kufukuzwa na mtu. Mzee Packie aliipinga lami hiyo mpaka mwisho, kwa kuwa ilipita katikati ya shamba lake. Na katibu wa kamati ya njia hiyo aliyetumwa kumgongea mlango na kumweleza uzuri wa jambo hilo alikuwa Colman, ambaye mzee huyo huyo alimfundisha kuendesha trekta. Tangu siku hiyo, miaka sita, hawakusemeshana. Hata kwenye mkesha wa jana Colman hakwenda. Alimtuma mkewe na kadi.

Walipolikaribia shamba la Loftus, Colman ndiye aliyekuwa mbele. Mbele kweli! Nyuma yake alimsikia Ultan akihema, na hakuwahi kusikia muziki mtamu kama huo.

"Pole pole, shemeji!" Ultan alimpigia kelele. "Ukianguka hapa watakuzika na Packie shimo moja!"

"Hema kwanza, maneno baadaye!"

Hapo lango la shamba likafunguka. Akatoka padri, na nyuma yake jeneza juu ya mabega ya watu sita, na nyuma ya jeneza nusu ya parokia, viatu vimejaa matope. Kila mtu alidhani mzee atapelekwa kanisani kwa gari, kwa barabara, kama Mkristo wa kawaida. Kumbe anakatisha shamba lake kwa miguu ya wenzake, na lami ya kamati iko katikati.

Huko, jeneza likipita, unasimama, unavua kofia, unalisindikiza walau hatua tatu. Dereva wa lori husimama. Mlevi husimama. Ultan Durkan aliona upenyo kati ya padri na jeneza, akapita. Kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, alisema, "Samahani, Padri."

Miguu ya Colman ilitaka kumfuata. Moyo wake pia ulitaka, aibu tupu! Miezi yote ile bila bia! Alimtazama Ultan akipotea kwenye kona, akavua kofia, akaanza hatua zake tatu.

"Colman Geraghty," alisema Bi Concepta, dada wa marehemu. "Umevaa nini?"

"Bukta, Bi Concepta."

"Naona. Haya, mpokee Mattie, bega limechoka."

"Nimelowa jasho."

"Packie hatalalamika. Itakuwa mara yake ya kwanza."

Akaingiza bega. Mzee alikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Ni yeye aliyesema apitishwe huku?" alinong'ona.

"Njia alichagua yeye. Saa nimechagua mimi."

"Nilipaswa kuja jana."

"Ulipaswa kuja miaka sita iliyopita," Bi Concepta alisema. "Tembea."

Colman alilia waziwazi, akashukuru kwamba ana jasho la kusingizia. Wakimbiaji wengine walipofika langoni walisimama mmoja mmoja, wakavua kofia, na baada ya hatua tatu hakuna aliyethubutu kurudi mbioni. Mzee Packie aliingia kanisani akisindikizwa na watu wenye namba vifuani. Habari zilipofika mwisho wa mbio, waamuzi na wapishi wa chai nao wakaondoka, maana nani Kilroddan angekubali kusimuliwa mazishi kama yale?

Ultan alifika akakuta meza, kikombe, na mbwa. Kikombe akajikabidhi mwenyewe.

Baada ya maziko watu walikuwa ukumbini na chai na mikate ya nyama ya nguruwe alipoingia nacho mkononi.

"Nimevunja rekodi," alitangaza.

"Nani alikuona?" aliuliza Mattie.

Bi Concepta akainuka, akampokea kikombe kwa mikono miwili, akachungulia ndani yake, akakifuta kwa leso.

"Asante sana, mwanangu," alisema. "Tulikuwa tumepungukiwa na jagi la maziwa."

Akakijaza, akaenda nacho mpaka alipoketi Colman, bado na bukta yake, akamtilia maziwa kwenye chai.