Mahindi Ndani ya Hema

Rhonda Torkelson alikuwa akisuuza vikombe kwenye bomba la uwanja wa kambi wa New Bergen, huko Iowa, Marekani, mumewe Duane alipomwita kutoka ndani ya hema.

"Mama, hebu niletee sepetu."

Humo ndani mahindi ya punje yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa makavu, safi, ya kupeleka sokoni kabisa. Wakayatoa, wakachoma soseji zao, wakala. Jirani wa hema la pili, mtu wa Nebraska, aliomba ndoo moja ya kulishia kuku wake, akapewa.

Safari yenyewe ilikuwa ya kurudisha mabakuli. Kwa watu hawa, ukifiwa, viazi vya kuoka na nyama ya kusaga humiminika mpaka jokofu linakataa kufunga, na chini ya kila bakuli pamebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe. Bakuli la watu halikai kwako, uwe na msiba usiwe nao. Basi Rhonda aliyaosha yote, Duane akapakia hema kwenye pikapu. Alisema watalala makambini, mji kwa mji, kama walivyofanya kwenye fungate yao. Rhonda alikubali, maana njia ni ndefu na pengine njiani mtu huweza kusema lililo moyoni.

Kila nyumba walipewa kahawa na keki, ikaongelewa mvua. Halafu kila mtu akakodolea macho kikombe chake, na Duane akaanza kusimulia kifo cha mtoto wao bila kuulizwa.

"Tanner alikuwa na haraka. Kaingia kwenye kihenge kuvunja mahindi yaliyogandamana, kaacha mashine ya kufyonza nafaka inanguruma huko chini. Mara ngapi nilimwambia!"

"Vijana hawa," wenyeji wakasema, wakamkatia keki nyingine.

Rhonda alikunywa kahawa yake. Siku ile alikuwa dirishani jikoni, anamenya viazi. Alimwona Tanner akipanda ngazi ya kihenge, kile kirefu cha bati, na kuingia kwa juu. Mashine ilikuwa kimya. Kisha akamwona Duane akitoka bandani, simu sikioni, anabishana na mtu juu ya mbolea, akanyoosha mkono na kuwasha swichi bila hata kuinua macho. Rhonda alikimbia na kisu cha viazi mkononi. Hakuwahi; mahindi yalikuwa yameshammeza Tanner.

Kusahau angemsamehe, jamani, nani hasahau? Kilichomkaa kooni ni kumsingizia mtoto aliyekwisha kulala kaburini. Naye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu. Walibaki wawili tu, angemshtaki kwa nani?

Baada ya nyumba ya pili mahindi ya hemani yalifika magotini. Baada ya nyumba ya nne, kiunoni. Msimamizi wa kambi moja aliwaomba kwa adabu wasiyamwage karibu na bembea za watoto.

Bakuli la mwisho lilikuwa la Arlene, dada yake Duane. Walipofika kwenye kona ya kwake, Rhonda aliweka mkono juu ya usukani.

"Leo sema, Duane. Kwa dada yako tu. Sema ni wewe, halafu turudi nyumbani."

Duane alitazama angani kupitia kioo. "Upande ule kunatanda mvua," alisema, akakata kona.

Kwa Arlene ilikuwa keki ya limau, na hadithi ile ile: Tanner alikuwa na haraka. Arlene alilia, akamkumbatia kaka yake, akamwambia asijilaumu. Duane akashukuru.

Jioni hiyo, kambini, mahindi hayakungoja watandike. Yaliwakuta wamekaa, yakawapanda hadi kifuani, kwa sauti ile ile ya kumiminwa kihengeni. Rhonda alijaribu kunyoosha mguu, unyayo wake ukagusa kitu kigumu. Akakipapasa kwa vidole: soli nene, kamba iliyofungwa mafundo mawili. Alilijua. Yeye mwenyewe alimnunulia Tanner Krismasi.

"Buti lake liko hapa," alisema.

"Najua. Liko tangu New Bergen."

"Na ukanyamaza?"

"Ungelia, Mama."

Na kweli alilia. Alilia kwa sauti, mikono imenaswa chini, hana hata wa kumfuta kamasi. Duane alitazama paa la hema.

Msimamizi wa kambi alifunua pazia, kalamu mkononi. Alikuwa mzee mchangamfu, mwenye kofia ya kampuni ya mbegu.

"Habari za jioni. Mahindi mazuri hayo! Samahani, nawahesabu wageni tu. Humu mko wangapi?"

Rhonda alimgeukia mumewe, akangoja. Buti lilikuwa limeegemea unyayo wake.

"Wawili," alisema Duane.

Mzee akaandika, akawatakia usiku mwema, akalishusha pazia. Mahindi yakaanza tena. Rhonda akainua kidevu kidogo, yapate pa kupita.