Daraja la Pili

Rahabu alikuwa na mjukuu wa kwenye simu. Mtoto alikuwa wa nyama na damu, jina lake Marko, lakini aliishi ng'ambo ya Mto Ighuka na mama yake, Eliza, na Rahabu alikuwa amempakata mara moja tu, akiwa bado mchanga. Siku hiyo alizunguka kwa bodaboda njia ndefu ya barabara kuu, akarudi na goti lililovimba na kiapo kwamba hapandi tena kitu cha magurudumu mawili. Tangu hapo Marko akawa kikohozi na kicheko ndani ya simu, na Rahabu kila jioni alisimama nyuma ya jiko, mahali penye mtandao, akimpigia kelele za mapenzi mpaka kuku wa jirani wanahama.

Daraja lilikuwepo, usidhani halikuwepo. Lilikuwa la mbao juu ya vyuma vya zamani, nguzo moja imeinama kama mtu anayetafuta sarafu majini, na mbao zake nyingi zilikwishageuka vichanja na milango ya mabanda katika nyumba ambazo hatutazitaja. Rahabu alilijaribu mara moja. Alifika katikati, akatazama chini, akarudi kwa magoti huku akiwaita watakatifu wote anaowajua na wengine aliowatunga papo hapo. Eliza naye aliapa kutopita pale na mtoto mgongoni tangu mbuzi wa mchungaji atumbukie. Kiangazi watu wasio na mtoto mgongoni walishuka korongoni wakapanda ng'ambo. Kushuka Rahabu angeshuka, tena kwa kasi. Kupanda ndiko kulikuwa na shughuli.

Kwa hiyo Chediel, mtendaji wa kijiji, alipotangaza kwamba injinia anakuja Unyamatwi kuchukua maoni ya wananchi kuhusu daraja, Rahabu alivaa kitenge alichoshonewa kwa harusi ya Eliza, akamburuta mumewe Paulo, wakakaa benchi la mbele ndani ya ghala la alizeti. Paulo alikuwa mtu mpole, aliyezoea kumalizia sentensi zake kimoyomoyo.

Injinia mwenyewe, Nathan, alikuwa kijana nadhifu mwenye adabu. Aliwapa wazee shikamoo zao zote, hakuruka hata mmoja. Huko alikosoma walimfundisha kwamba mwananchi haamuliwi, husikilizwa, na fundisho hilo lilimwingia sawasawa.

"Wazee wangu, mama zangu," alianza, "pendekezo letu ni kwamba pale Ighuka tuwajengee daraja la pili."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Rahabu alizaliwa Kintinku, karibu na reli, na utoto wake wote aliuza karanga kwenye madirisha ya treni. Alijua madaraja kuliko kitu kingine chochote duniani. Abiria wa daraja la kwanza walivuta pazia wakanunua bila kuuliza bei. Wa daraja la pili walibishana. Wa daraja la tatu walionja, wakaonja tena, wakasema zimeungua kidogo, mpaka treni ikaondoka na karanga zake. Sasa leo anatokea kijana na viatu vyake vya kung'aa, anawaambia watu wazima kwamba wao ni wa kubishana!

Akasimama. "Mwanangu, la pili kwa nini?"

"Kwa sababu ndilo mnalohitaji, mama."

"Ndilo tunalohitaji! Mmeshatupima mkaona sisi saizi yetu ni la pili. Haya, na wale wa Mlumbi mmewapa la ngapi?"

Mlumbi kilikuwa kijiji jirani, ambacho watu wa Unyamatwi hawakukichukia, ila hawakupenda kikifanikiwa.

Injinia akafikiri kidogo. "Mlumbi? Mlumbi wana la kwanza tu, mama. La pili hawana."

Ghala zima likaguna. Wengi walikuwa na watoto sekondari na walijua vizuri kwamba mwenye daraja la kwanza kwenye mtihani anachinjiwa mbuzi, na mwenye la nne analala kwa shangazi mpaka hasira za baba zipoe.

"Mmesikia wenyewe!" Rahabu akawageukia wenzake. "Mlumbi la kwanza! Sisi la pili!"

"Mlumbi ambao hata kisima chao tuliwachimbia sisi!" akadakia mzee Alute, mwenyekiti wa kijiji, akigonga fimbo yake sakafuni.

Paulo akamvuta mkewe kitenge. "Mama Eliza, nadhani huyu kijana anamaanisha..."

"Nyamaza, Baba Eliza. Napigania mjukuu wako."

Paulo akamalizia sentensi yake kimoyomoyo.

Injinia alijaribu kueleza. Kila aliposema "daraja la pili" watu walizomea, na kila aliposema "la kwanza" walipiga makofi. Akajaribu kusema la kwanza limechoka, Alute akamjibu kwamba aliyechoka ni yeye na akapumzike. Mwishowe kijana akajipangusa jasho na kukumbuka alichofundishwa.

"Kwa hiyo niseme wazi, nisije nikawakosea. Mnataka daraja la kwanza?"

"Ndiyooo!"

"La pili hamlitaki?"

"Hatulitaki!"

Mikono ikanyooka ghala zima. Hata Paulo alinyoosha, kwa kuwa usiku angelala nyumba moja na Rahabu. Injinia akatikisa kichwa, akasema hajapata kuona watu wanaopenda kitu chao namna ile, akawashukuru na kuondoka. Rahabu alibebwa juujuu mpaka nje. Jioni alimpigia Eliza na kumtangazia kwamba wamepata la kwanza, la pili wamelitupa kule, na Marko akae tayari.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja Rahabu alishuka mtoni kufua, akawakuta mafundi wawili darajani. Mmoja alikuwa akigongelea mbao. Mwingine, aliyejitambulisha kwa jina la Lazaro, alikuwa akipaka vyuma rangi ya bluu, tena kwa madaha.

"Mnapamba maiti?" Rahabu akauliza.

"Tunakarabati daraja la kwanza, mama, kama mlivyoomba. Tukipaka rangi tumemaliza."

"La kwanza si bado halijajengwa?"

Lazaro akashusha brashi. "Mama, hili ndilo la kwanza. La pili ndilo lingejengwa pale, kwa zege. Nasikia mmelikataa kwa mikono yote. Sasa injinia anatafuta kijiji kingine cha kukipa, nadhani Mlumbi."

Rahabu alikaa chini pale pale, juu ya beseni la nguo, na beseni likapasuka. Alijiona mjinga, mjinga mzima mwenye kitenge cha harusi, na aibu ile ilimwunguza masikio. Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa aibu. Alimwona Marko akikua ng'ambo, akianza shule, akiota ndevu, na yeye bado amesimama nyuma ya jiko akitafuta mtandao. Alilia kwa sauti, kama alivyofanya kila kitu, na mafundi wakaacha kazi kwa heshima.

Nyumbani Paulo alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilitaka kukwambia," akasema.

"Ungesema kwa nguvu!"

"Nitajifunza."

Chediel alipoelezwa alishika kichwa, akampigia injinia, na injinia, ambaye kwa kweli hakuwa amepata usingizi mzuri tangu mkutano ule, akasema anakuja kesho yake kabla mambo hayajafungwa. Wakakutana tena ghalani. Tatizo likawa kwamba watu walikwishaupenda ushindi wao. Vijana walikuwa wameunda timu ya mpira wakaiita Daraja la Kwanza, na mzee Alute alikuwa ameusimulia mkutano ule mnadani mpaka Ikungi, kila mara yeye ndiye anayesema zaidi.

Rahabu akasimama, akaeleza mambo ya reli, mambo ya karanga, na kwamba pili ya injinia ilikuwa ya kuhesabu, si ya kupanga watu.

"Hayo unayasema leo," Alute akamkatiza. "Juzi ulitusimamisha wewe mwenyewe. Nani kakupoza?"

"Wamempa kitu!" akapaza mtu wa nyuma.

"Sisi hatushuki daraja," Alute akaendelea. "Tukikubali la pili leo, Mlumbi watatuimba mpaka wajukuu wa wajukuu."

Neno wajukuu ndilo lililomvunja Rahabu. Alikuwa ameandaa hoja nyingi, zote zikamtoka. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu samahani; mtu aliyekosewa naye kwa kawaida ndiye aliyeishia kuomba msamaha.

"Nilikosea," akasema. Waliokaa nyuma wakasimama wamwone, maana neno lile kinywani mwake lilikuwa geni. "Nilikosea mimi na mdomo wangu, nikawakosesha na ninyi. Mwenyekiti, kunishinda umenishinda. Lakini mimi mjukuu wangu simjui sura. Nipeni la pili. Nipeni la nne. Hata mkinipa sifuri, kama sifuri yenyewe inavuka maji, nitapanda juu yake nicheze. Mwenye la kwanza na abaki nalo, tena limepakwa bluu, aende akalivuke sasa hivi tumwone."

Kila mtu akamtazama Alute. Alute akaitazama fimbo yake.

"Goti," akasema hatimaye, "linanisumbua."

Kicheko kilichopigwa hapo kiliamsha panya wa alizeti. Injinia Nathan alisubiri kitulie, kisha akauliza, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai, "Ndugu zangu, mnataka daraja jipya la zege, litakalojengwa kando ya lile bovu, halafu lile bovu tulibomoe?" Hakutaja namba yoyote. Mikono ikanyooka, na wa kwanza kunyoosha alikuwa Paulo, aliyesema "Ndiyo!" kwa nguvu mpaka akajishtua mwenyewe.

Ujenzi ulichukua muda, kama ujenzi unavyochukua. Daraja lilikamilika mvua zikiwa zimeshaanza. Ighuka ilishuka kahawia, imebeba magogo, na siku ile ile Rahabu akasema anavuka. Paulo alimshikia mwavuli. Katikati alitazama chini kwa mazoea, akaona maji yanavyochafuka, akaendelea tu kutembea. Njia nzima alikuwa akijikaririsha atakayomwambia mtoto.

Eliza alikuwa akiwasubiri upande ule, amelowa, anacheka. Marko, ambaye sasa alikuwa mvulana wa kukimbia na kujibizana, alimwona mama mmoja mnene anakuja mvuani, akajificha nyuma ya khanga ya mama yake.

Rahabu alisimama mbele yao na maneno yote yakamwisha. Alimtazama mtoto, masikio yale ya Paulo, paji lile lake mwenyewe.

"Sema, Mama Eliza," Paulo akamwomba. Tangu wafunge ndoa hakuwahi kumwomba jambo hilo.

"Marko," Rahabu akanong'ona. "Mimi ni bibi yako."

Mtoto alichungulia, akamkagua kuanzia kilemba mpaka viatu vyenye tope, halafu akamgeukia mama yake.

"Siyo bibi huyu. Bibi anapiga kelele."

Rahabu akavuta pumzi, akaita "Markooo!" mpaka watu walioko Unyamatwi wakageuka, na mtoto akachomoka nyuma ya khanga akimkimbilia, mikono juu.