Mbio Moja ya Mnazi Mmoja

Khamisa aliisikia hadithi ile tangu wiki ya kwanza ya ndoa yake, na kila ikirudiwa ilizidi kumtia kinyaa. Mumewe, Abdullatif, aliisimulia Unguja, akaja nayo Oman, na sasa, akiwa na miaka themanini na saba, aliisimulia nyumbani kwao Ibra kila Ijumaa, wageni wakinywa kahawa.

Ilikuwa fainali ya kriketi, mwaka 1958, uwanja wa Mnazi Mmoja. Timu yao ilitaka mbio mbili tu ishinde, na wachezaji waliobaki ni wawili: yeye Abdullatif na Hud, kaka yake Khamisa. Katika mchezo huo wapigaji wawili hukimbia pamoja kubadilishana ncha, na anayekutwa katikati vijiti vikiangushwa hutolewa.

"Nikaupiga mpira, ukenda mpaka chini ya mivinje," alikuwa akisema, mkono ukikata hewa. "Nikamwambia Hud, 'Kaa hapo hapo!' Wapi! Katoka mbio kama kapagawa. Mpira ukarudishwa, vijiti vyake vikaangushwa, katolewa. Tukashindwa kwa mbio moja. Maskini Hud, akili alikuwa hana."

Khamisa alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili siku ile, kakaa karibu kabisa na mstari. Alimsikia Abdullatif kwa masikio yake akipiga kelele, "Njoo!" Alimwona akitoka hatua tatu, akautazama mpira, akaingiwa na woga, akarudi kujibanza mahali pake. Hud akaachwa katikati ya uwanja peke yake.

Miaka sita baadaye baba yao alipomwoza kwa Abdullatif, Khamisa alimuuliza Hud kwa nini hasemi kweli ya siku ile.

"Nyamaza, Khamisa," Hud akamjibu. "Mpira umekwisha. Wewe ndiye unayekwenda kukaa naye."

Akanyamaza. Alimzalia Abdullatif watoto watano, wa kwanza Buthaina, na kila akimtazama anavyokifunga kilemba chake mbele ya kioo, aliziona zile hatua tatu.

Hud alifariki mwaka jana, huko Sur, kwa binti yake Tahira. Siku ya tatu ya matanga, baina ya waombolezaji, Abdullatif akaanza, "Mnajua, marehemu siku moja..." Tahira alisikia, akainuka kwenda jikoni.

Mwezi uliopita vijana wa klabu moja ya kriketi ya Ibra waliandaa hafla ya wachezaji wa zamani. Kiongozi wao, Laith, mjukuu wa Wazanzibari, alimkabidhi Abdullatif ngao ya mbao, akamwomba aisimulie mechi ile. Akaisimulia. Alipofika kwenye "akili alikuwa hana", watu wakacheka.

Khamisa akasimama katika safu ya wanawake.

"Baba Buthaina, ulimwambia kaa, au ulimwambia njoo?"

"Mama Buthaina, keti. Mambo ya wanaume haya."

"Nilikuwepo. Ulimwita, kisha ukarudi. Ulimtupa kaka yangu kwa sababu uliogopa kutolewa wewe."

Abdullatif akalamba midomo.

"Hud keshakufa," akasema taratibu. "Sasa itamfaa nini?"

Hakusema kwamba si kweli. Laith akainamisha kichwa, na mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa akicheka, akaanza kutafuta viatu vyake.

Njiani kurudi nyumbani Abdullatif akasema, "Umenifedhehesha mbele ya watoto."

"Ulikuwa na miaka sitini na saba ya kulisema mwenyewe."

"Nilikuwa kijana, Khamisa."

"Na kwenye matanga yake pia ulikuwa kijana?"

Abdullatif aliipakata ngao mapajani, maandishi kayageuzia chini.

Ijumaa iliyofuata mgeni kutoka Nizwa, ambaye hakuwa na habari ya lolote, alimwomba amsimulie fainali ya Mnazi Mmoja. Abdullatif akajikohoza. "Ya zamani hayo, ya akhi, ndugu yangu. Nimesahau."

Khamisa, aliyekuwa analeta tende, aliliweka sinia mbele ya mgeni, akamkaribisha vizuri. Mumewe hakumtazama. Khamisa akatoka ukumbini, akampigia simu Tahira, akamweleza kwa kituo tangu mwanzo jinsi baba yake alivyokimbia siku ile, na nani aliyemwita.